Shawa ya wazi: mwongozo kamili wa kupata kipimo sahihi kabla fundi hajaanza

Malalamiko kuhusu shawa za wazi, zile zisizo na mlango wala pazia, yanafanana mno. Vigae vimepangwa vizuri, kioo cha kukinga maji kinang'aa, lakini kila anayeoga anaacha dimbwi mbele ya sinki la choo. Au kiwiko kinagonga ukuta kila mtu anapojisugua mgongo. Au mama mzazi amekuja kukaa na wanawe na hapaingii hata kiti cha plastiki. Lawama huenda kwa fundi na kwa duka la vigae, na mara nyingi hao hawana kosa. Kipimo kilikosewa miezi kadhaa nyuma, pale kuogea kulipopewa kona iliyobaki baada ya vitu vingine vyote kupata mahali pake.

Mwongozo huu ni wa nyumba inayojengwa, au bafu linalobomolewa ili lifanywe upya. Fuata hatua kwa mpangilio wake, maana namba ya hatua moja inatumika kwenye inayofuata.

## Vitu vya kuandaa

- Futi ya chuma ya mita 5
- Chaki, au utepe wa karatasi wenye gundi wa kubandika sakafuni
- Uzi mrefu kiasi uliofungwa nati au jiwe dogo mwishoni
- Pima maji (kifaa cha fundi cha kuonyesha kama kitu kimelala sawa au kimesimama wima) na ubao ulionyooka wa mita 1.5 hivi
- Ndoo ya lita 10 na saa ya simu
- Kichwa cha shawa unachokusudia kufunga, na mpira wa maji
- Maboksi makubwa ya katoni, kama yale ya friji
- Kigae kimoja halisi kati ya vile utakavyotumia
- Ramani ya nyumba, karatasi na kalamu
- Watu wawili, mmoja wao awe ndiye mwenye mwili mkubwa kuliko wote nyumbani

Katoni na chaki ndizo zitakazokuokolea fedha nyingi kuliko kitu chochote hapo juu. Usiziache.

## Hatua ya 1: Pata nafasi safi

Ramani nyingi huonyesha umbali kutoka tofali hadi tofali. Ukuta utapigwa plasta, itafuata gundi, kisha kigae, na vyote vitatu hula karibu sm 3 kwa kila ukuta. Kuta mbili zinazotazamana zimeshakula sm 6. Fundi akipanga vigae kwa mchanga na saruji badala ya gundi, hesabu sm 4 kila upande. Kwa hiyo nafasi iliyoandikwa sm 90 kwenye ramani inabaki 84, au 82, na hapo ndipo ugomvi wa kiwiko na ukuta unapoanza.

Pima kila upande mara tatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na juu ya kichwa. Chukua namba ndogo kuliko zote. Kisha pima pembe kwa pembe, mishazari yote miwili. Ikitofautiana kwa zaidi ya sm 2, chumba kimepinda, na fundi atalazimika kukinyoosha kwa plasta nene. Hiyo nayo inakula nafasi, kwa hiyo ipunguze sasa hivi.

Tahadhari: kuna mafundi wanaosema "futi tatu kwa nne" wakimaanisha tofali, na wengine wakimaanisha baada ya vigae. Muulize fundi wako anamaanisha ipi, na mwandike pamoja.

Ukifanikiwa: una namba mbili kwenye karatasi, urefu safi na upana safi, na kila anayehusika anajua kwamba ni za baada ya vigae.

## Hatua ya 2: Pima mwili unaooga

Mtu aliyesimama wima anahitaji nafasi ndogo sana, ndiyo maana kona yoyote huonekana kutosha ukiingia na viatu kwenda kukagua. Lakini kuoga ni kazi ya mwili mzima. Kuna mikao mitatu inayoamua kipimo.

Wa kwanza ni wa kuosha kichwa: mikono juu, viwiko vimetoka pembeni. Wa pili ni wa kusugua mgongo, mkono mmoja juu na mwingine nyuma ya kiuno. Wa tatu ndio unaosahaulika kuliko yote: kuinama kusugua miguu. Hapo kichwa kinakwenda mbele, makalio yanarudi nyuma, na mtu mzima hujikuta anahitaji urefu usiopungua upana wa mlango wa chumba.

Fanya hivi. Mwenye mwili mkubwa asimame kwenye sakafu kavu akiwa amevaa nguo nyepesi, aigize mikao yote mitatu bila kujibana. Mwingine ashushe uzi wenye nati kutoka kwenye kila ncha ya mwili: kiwiko cha kulia, kiwiko cha kushoto, utosi, makalio. Pale nati inapogusa sakafu, weka alama ya chaki. Ukimaliza, chora mstatili unaozizunguka alama zote na uongeze sm 5 kila upande. Usishangae ukiona urefu wa kuinama umefika mita moja.

Sasa weka ndoo. Nyumba nyingi zenye shawa nzuri bado huoga kwa ndoo na kata maji yanapokatika, na maji hukatika. Weka ndoo halisi ndani ya mstatili, mtu achote na ainame tena. Kama ndoo inamsukuma kutoka nje ya mstari, ongeza urefu mpaka asisukumwe.

Nyumbani kuna mtoto anayeogeshwa? Weka beseni na mtu wa kumwogesha, amechuchumaa. Kuna babu au bibi, au unajenga nyumba ya kuzeekea? Weka kiti. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu vinataka shawa ya kuingia na kiti cha magurudumu isipungue sm 76 kwa 152, kizingiti kisizidi sm 1.3, na kiti cha kukalia ndani ya shawa kiwe na kimo cha sm 43 hadi 48. Ni vipimo vizuri vya kuazima hata kama leo hakuna mgonjwa nyumbani, maana kubomoa baadaye ni ghali. Na kama ukuta ni wa tofali zenye matundu, waambie mafundi wajaze zege sehemu ya kufunga mshikio wa kujishikilia ukutani kabla ya plasta. Mshikio unaolegea ni hatari kuliko kutokuwa nao.

Ukifanikiwa: una mstatili wa chaki ambao mtu mkubwa kuliko wote nyumbani ameinama ndani yake bila kuuvuka.

## Hatua ya 3: Pima maji yako

Shawa ya wazi haina kitu cha kuzuia maji upande wa kuingilia. Kinachoyazuia ni umbali tu. Umbali gani? Hilo halitoki kwenye picha za nyumba za watu, linategemea presha ya maji yako.

Presha ya maji yanayoshuka kwa uzito wake inatokana na kimo. Mita 10 za kimo hutoa presha ya takriban baa 1. Tangi likiwa mita 3 juu ya kichwa cha shawa, unapata takriban baa 0.3, tena kabla mabomba na kona hazijapunguza kitu. Maji ya namna hiyo huanguka chini wima na hayarukii mbali. Ukifunga pampu, hali inabadilika kabisa: maji yanapiga bega na kutawanyika chumba kizima.

Anza na ndoo. Fungua maji, kinga ndoo ya lita 10, na hesabu muda. Ikijaa kwa dakika mbili, unapata lita 5 kwa dakika, ni maji madogo, na kichwa kipana cha mvua cha sm 30 kitakuwa kinadondosha tu. Ikijaa kwa dakika moja au chini ya hapo, una maji ya kutosha na inabidi ufikirie sana maji yatakavyoruka.

Jaribio lenyewe ndilo hili. Unganisha kichwa cha shawa na mpira, kifunge kwenye nguzo au ukuta wa nje kwa kimo cha sm 210 hivi, juu ya sakafu ya saruji iliyokauka. Mtu aingie chini yake na nguo za kuogelea, aoshe kichwa kwa mikono miwili kwa dakika mbili, kisha atoke bila kukanyaga huku na kule. Saruji itakuonyesha mwenyewe: katikati pameloa kabisa, pembeni kuna ukanda wa matone yaliyoungana, na mbele zaidi matone moja moja kama madoa ya manyunyu ya kwanza. Piga chaki mpaka wa ule ukanda wa pili. Pima kutoka chini ya kichwa cha shawa hadi kwenye chaki hiyo, upande ambao matone yamekwenda mbali zaidi.

Hiyo namba iandike kwa maandishi makubwa. Tutaiita umbali wa matone.

Tahadhari: kama unapanga kufunga pampu baadaye, fanya jaribio kwa maji ya pampu. Kipimo kilichofaa maji ya tangi hakitafaa siku pampu itakapowashwa.

## Hatua ya 4: Chagua kipimo

Sasa linganisha mstatili wako na vipimo hivi, vyote vikiwa safi, baada ya vigae.

Chini ya sm 76 upande wowote. Acha. Hata kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi Marekani huweka inchi 30, yaani sm 76, kuwa mwisho wa chini, na huo ni mwisho wa kisheria tu, hauna raha yoyote.

Sm 80 kwa 80, au 90 kwa 90. Mtu mmoja ataoga, na 90 ni bora kwa mbali. Lakini hapa weka pazia au mlango wa kioo unaofunguka kwa nje. Isiwe ya wazi, maana hakuna mahali maji yataishia.

Sm 90 kwa 120, yaani futi 3 kwa 4. Inawezekana kuwa ya wazi, kwa maji ya tangi yasiyo na nguvu na kioo kilichokaa vizuri. Kwa pampu, sikushauri.

Sm 90 kwa 150, yaani futi 3 kwa 5. Hiki ndicho kipimo ninachokitetea kwa nyumba ya kawaida. Unainama, ndoo inakaa, kiti kinaingia, na ile futi ya mwisho karibu na njia hubaki karibu kavu. Ukiweza kupanua upana hadi mita 1, msaidizi wa mzee naye atapata pa kusimama.

Zaidi ya sm 160. Nzuri, hasa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ambako upepo bafuni ni neema. Kwa Njombe, Mbeya, Arusha au Limuru, fikiri mara mbili. Shawa kubwa ya wazi hupoteza joto haraka, mvuke unasambaa, na asubuhi ya Julai utaoga ukitetemeka. Huko ni afadhali sm 140 hadi 150 na kioo kirefu kinachokaribia dari.

## Hatua ya 5: Panga njia, kioo na kichwa cha shawa

Njia ya kuingilia iwe sm 60. Sm 55 inapitika, chini ya hapo mtu mnene anapita ubavu, na kiti cha magurudumu hakipiti kabisa. Kwa kiti hicho acha sm 90.

Kanuni ya kukumbuka: kutoka chini ya kichwa cha shawa hadi ukingo wa kioo upande wa njia, pima. Kama umbali huo hauufikii umbali wa matone ulioandika, una mambo matatu ya kufanya: rudisha kichwa cha shawa nyuma, refusha kioo, au chagua kichwa chenye nguvu kidogo. Kupunguza njia chini ya sm 55 si mojawapo.

Tuchukue bafu la masta linaloonekana kwenye ramani nyingi, sm 150 kwa 240 tofali kwa tofali. Nafasi safi ni 144 kwa 234. Mlango uko kwenye ukuta mfupi. Shawa iende kwenye ukuta mfupi wa mbali, ichukue upana wote wa 144 na kina cha sm 90. Zinabaki sm 144 za kuweka sinki la choo na la kunawia kando ya ukuta mmoja. Sinki la choo linahitaji sm 38 kutoka katikati yake kwenda kila upande, jumla 76, na la kunawia lipewe sm 60. Zimetosha, na sm 8 zimebaki.

Kioo kiwe sm 84, kikianzia ukuta wenye sinki la choo, na njia ya sm 60 ibaki upande wa pili, unaotazamana na nafasi ya kupita mbele ya masinki. Kichwa cha shawa kifungwe kwenye ule ule ukuta wa sinki la choo, nyuma ya kioo, kikielekea ukuta wa mbele, yaani ule unaotazamana nao. Mtu atasimama akiwa amekingwa na kioo, na maji yanayoruka yatapiga vigae vya mbele badala ya kutoka nje. Kosa la kila siku ni kukifunga kwenye ukuta wa nyuma, kikitazama njia moja kwa moja. Hapo hata kipimo kizuri hakisaidii.

Koki ya kufungulia isikae chini ya kichwa cha shawa. Ipeleke ukuta wa upande wa njia, ili ufungue ukiwa nje na usubiri maji ya moto bila kulowa. Bomba litaongezeka mita chache, na utashukuru kila asubuhi.

Ukitaka ukuta mfupi wa tofali badala ya kioo, kumbuka unene: tofali la inchi 4 pamoja na plasta na vigae pande zote ni kama sm 16, kioo ni sm 1. Hata hivyo, kwa maji ya kisima yenye chumvi kama ya sehemu nyingi za Dodoma, ukuta hauonyeshi madoa meupe, kioo huyaonyesha kila siku.

Tahadhari ya umeme: kama unatumia shawa ya umeme ya kuchemsha papo hapo, swichi yake iwe nje ya mlango wa bafu, na waya wa ardhi uwepo na upimwe. Shawa ya wazi inalowesha eneo kubwa kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 6: Ingia kabla haijajengwa

Chora shawa nzima sakafuni kwa chaki. Simamisha katoni mahali pa kioo, kimo cha mita 2. Weka katoni nyingine mahali pa sinki la choo na la kunawia, kwa vipimo vya yale uliyonunua.

Kisha ishi humo kidogo. Ingia na taulo. Tafuta pa kulitundika ambapo mkono unafika bila kutoka. Fungua mlango wa bafu hadi mwisho, uone kama haugusi kioo. Kaa kwenye katoni ya choo, magoti yasigonge kitu. Mwite mzee aingie kwa mwendo wake mwenyewe, na mtoto aingie kwa mbio zake.

Ukifanikiwa: hakuna aliyegusa katoni, na hakuna aliyeuliza "nipite wapi?"

## Hatua ya 7: Hakikisha sakafu inaruhusu

Mteremko ni sm 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji. Shawa ikiwa ndefu, kushuka kunaongezeka: tundu likiwa sm 120 kutoka kwenye njia, sakafu itashuka sm 2.4. Ongeza unene wa chujio linalofunika tundu, na utaona kwa nini jamvi (zege la sakafu ya chini) au slabu (zege la ghorofani) ya eneo hilo lazima ishushwe sm 5 au zaidi kabla ya zege kumwagwa. Ukisahau, fundi atalazimika kuinua kizingiti, na shawa ya wazi yenye kizingiti ni mtego wa vidole vya miguu.

Tundu lenyewe liwe chini ya kichwa cha shawa, mbali na njia, na bomba lake liwe la inchi 2.

Sasa kile kigae. Vigae vikubwa vya 60 kwa 60 havikunjiki kufuata mteremko wa pande nne. Ukivitaka, weka chujio refu la mstari kwenye ukuta wa mwisho ili sakafu iteremke upande mmoja tu. Vinginevyo tumia 30 kwa 30 au vidogo zaidi, vyenye uso wa kukwaruza. Gawanya pia urefu wa ukuta kwa kigae: ikibaki kipande cha sm 3 au 4, sogeza mpangilio ili vipande vya pande zote mbili vilingane.

Ukifanikiwa: mwaga ndoo ya maji karibu na njia. Yote yakimbilie kwenye tundu, na baada ya dakika chache pasibaki kidimbwi.

## Hatua ya 8: Kioo ni cha mwisho

Usiagize kioo kutoka kwenye ramani. Kioo cha tempa, yaani kilichochomwa kwa joto kali ili kiwe imara, ndicho kinachofaa bafuni, na kikishachomwa hakikatwi tena wala kutobolewa. Subiri vigae vikauke, ndipo fundi wa kioo aje apime mwenyewe. Unene wa milimita 8 unatosha, na 10 ni bora kioo kikiwa kirefu kisicho na fremu, na kiwe na mkono wa chuma wa kukishikilia ukutani juu.

Simama naye anapopima. Apime upana chini, katikati na juu, na aweke pima maji kwenye ukuta ambao kioo kitaegemea. Ukuta ukiwa umelala kidogo, kioo kikatwe kwa kipimo kidogo kuliko vyote, pengo litakalobaki lijazwe silikoni ya kuzuia ukungu, na maji yasifunguliwe mpaka saa 24 zipite.